Kidani na Kongwa: Suala la Hiari katika Mapambo ya Shingo

Utangulizi

Msafiri aingiaye Isiolo kwa barabara itokayo Meru hukaribishwa na mapambo. Kabla gari halijasimama sawasawa, wachuuzi huwa wamekwisha kuinua madirishani bangili za shaba na za alumini zilizosokotwa, mikufu ya ushanga mwekundu na mweupe, na vikorokoro vingine ambavyo mgeni havijui majina. Isiolo ni mji wa njia panda. Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Wameru hukutana sokoni humo, na katika mkutano huo shingo ya mtu, hususan shingo ya mwanamke, husomwa kabla ya kauli yake kusikilizwa. Mzoefu wa mji huweza kutambua kwa kutazama tu kwamba huyu ni mke wa mtu na yule hajaolewa, kwamba huyu katoka Samburu na yule katoka Turkana. Shingo, kwa hiyo, ni mahali pa maandishi. Na maandishi hayo hayahusu urembo peke yake. Aghalabu yanahusu pia suala la nani ni wa nani.

Makala haya yanazingatia swali moja la kimaadili linalozuka katika hali hiyo. Ikiwa kitu kivaliwacho shingoni ni ishara kwamba mvaaji yu chini ya mtu mwingine, au kwamba amejitoa kwa mtu huyo, ni lini kitu hicho huwa pambo na ni lini huwa pingu? Jibu la haraka ni kwamba pambo huvaliwa kwa hiari na pingu huvaliwa kwa nguvu. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi, kwani wapo wanaovaa pingu kwa fahari na wapo waliofundishwa tangu utotoni kuipenda. Inadaiwa humu kwamba kigezo kilicho imara zaidi hakipatikani wakati wa kuvaa, bali wakati wa kuvua. Hoja hiyo itafuatiliwa kwanza katika lugha yenyewe, kisha katika utendi mmoja wa kale, katika historia ya kipande, na hatimaye katika desturi ya ushanga ambayo bado inawagusa wasichana wa Isiolo na Samburu.

Majina na Vitenzi

Mzungumzaji wa Kiingereza analo neno moja linalotaja ukosi wa shati, ukanda wa shingo ya mbwa, na hata pete ya chuma iliyofungwa shingoni mwa mtumwa. Kiswahili hakikuyafunga mambo hayo katika neno moja. Kina kidani na mkufu kwa dhahabu na vito. Koja kwa maua. Ushanga kwa tembe za kioo zilizotungwa uzini. Hirizi kwa kinga. Ukosi kwa vazi. Nira kwa ng'ombe wa jembe. Kitanzi kwa anayenyongwa. Na kongwa kwa mateka. Kongwa lilikuwa mti mzito wenye panda. Shingo ya mtu iliwekwa ndani ya panda ile, ikafungwa, na mkia wa mti ukashikwa na aliyemswaga au ukaunganishwa na wa mwenzake katika msafara wa kuelekea pwani. Mwenye lugha yenye majina mengi namna hii hawezi kukiona kitu shingoni mwa mtu bila ya kulazimika kuamua, kwa kukipa jina, kama mtu huyo amepambwa, amekingwa au ametekwa. Lugha imekwisha kumtaka atoe hukumu kabla hajajua kwamba anahukumu.

Hata hivyo, majina huweza kudanganya. Anayemvika mwenzake kongwa anaweza kuliita kidani, na historia haikosi mifano. Ndiyo maana vitenzi vina ushahidi mzuri zaidi kuliko nomino. Kiswahili husema kuvaa, kitendo cha mtu juu ya mwili wake mwenyewe. Husema kuvika au kuvisha, kitendo cha mtu juu ya mwili wa mwingine, na kuvikwa, hali ya kutendewa kitendo hicho. Halafu huja upande wa pili: kuvua, kuvuliwa na kujivua. Mtu huvuliwa nguo, huvuliwa cheo, huvuliwa madaraka. Na mtu hujivua jambo analoona limemchosha au limemwia zito. Kati ya kuvuliwa na kujivua pana umbali mkubwa wa kimaadili ijapokuwa shina ni moja na matokeo machoni pa mtazamaji ni yale yale: shingo iliyo tupu.

Lugha ina msemo mwingine unaofaa kukumbukwa. Atendaye jambo asilolitaka husemwa analitenda shingo upande. Hakukataa, alikwenda, alitumikia, pengine hata alitabasamu, lakini shingo yake ilikuwa imegeuka. Wahenga waliounda msemo huo walitambua kwamba kukubali kwa kitendo si kukubali kwa moyo, na kwamba mahali pa kuitafuta tofauti hiyo ni shingoni.

Kifungo cha Mwana Kupona

Katika fasihi ya Kiswahili hakuna andiko linaloibua suala hili kwa upole na kwa hatari kama Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake. Utendi huo unajulikana zaidi kwa mawaidha yake juu ya utiifu wa mke kwa mume, na kwa sababu hiyo umesomwa na baadhi ya wahakiki kama hati ya unyonge wa mwanamke, na wengine wameusoma kama hati ya busara yake katika kuishi ndani ya mfumo asioweza kuuvunja. Jambo lisilotazamwa sana ni taswira inayoufungua. Kabla ya kumwambia bintiye lolote juu ya ndoa, mama anayaita mawaidha yake hirizi ya kufungwa kwa uzi. Kisha anayaita kidani cha lulu na marijani atakachomvika. Na tena anayaita kifungo cha kuvaliwa shingoni.

Neno kifungo ndilo lenye uzito. Kwa maana moja ni kibanio cha mkufu, kile kidude kidogo kinachozishika ncha mbili zisiachane. Kwa maana nyingine ni gereza. Mtu hupewa kifungo cha miaka mitatu. Haihitajiki kudai kwamba mtunzi alikusudia maana zote mbili, ingawa ushairi wa pwani haukuwahi kuogopa neno lenye nyuso mbili. Inatosha kutambua kwamba lugha imezihifadhi pamoja, na kwamba utendi mzima unatembea juu ya uzi ulio kati yake. Kinachomlinda binti ndicho kinachomfunga. Mama anayemtungia kidani ni mgonjwa, hatakuwapo kumtetea, anampa chombo cha kumfikisha salama katika nyumba ya mtu mwingine. Kwa macho ya mama, kifungo hicho ni upendo.

Hapa hukumu ya haraka haina budi kusita. Mawaidha yana sifa moja ambayo kongwa halina. Aliyepewa mawaidha anaweza kuyakumbuka na asiyafuate. Uzi wa kidani hicho ni maneno, na kibanio chake kimo mikononi mwa binti mwenyewe. Upande mwingine, binti wa Pate wa karne ya 19 ambaye angeamua kujivua kidani hicho angekuwa na mahali padogo sana pa kusimama baada ya kukivua. Hivyo utendi unaacha maswali mawili ambayo sehemu zinazofuata zitayabeba: je, mvaaji anaweza kukifungua kifungo kwa mkono wake? Na akishakifungua, anabaki na nini?

Kipande

Mfano wa kitu cha shingoni kisichoweza kuvuliwa na mvaaji wake umo katika historia ya Kenya yenyewe. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya miaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa awe na cheti chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za ajira yake. Cheti hicho, yaani kipande, kiliwekwa ndani ya kibweta cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mfanyakazi asiyeagwa na tajiri wake kwa maandishi katika kipande hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali; akitoroka, kipande kilimsaliti. Wakikuyu walikilinganisha na kengele ya mbuzi. Ulinganisho huo ulikuwa uhakiki kamili. Mbuzi havai kengele kwa faida yake. Kengele humwambia mchungaji mbuzi yuko wapi. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko yaliyoongozwa na Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake mwezi Machi 1922 kulisababisha watu kuuawa kwa risasi mjini Nairobi.

Methali ya Waswahili huuliza ni nani atakayemfunga paka kengele. Panya wote wanakubali kwamba kengele ni jambo jema. Tatizo ni nani wa kuitia. Methali hiyo ina hekima ya kisiasa: kila mnyonge angependa mwenye nguvu avae kitu kitakachotangaza ujio wake, lakini kengele daima huishia shingoni mwa mbuzi. Ukitaka kujua nani ni bwana katika uhusiano wowote, tazama nani anavaa kengele na nani anaisikiliza.

Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya ya uandikishaji iliyowahusu watu wa rangi zote, na kibweta cha shingoni kikawa historia. Neno halikufa. Hadi leo Mkenya huita kitambulisho chake kipande, na hapo ndipo historia inapogeuka kwa namna inayostahili tafakuri. Isiolo ilikuwa sehemu ya ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ambayo serikali ya kikoloni iliifunga kwa sheria ya mwaka 1902, ikawa hapaingiliki wala hapatokeki pasipo kibali. Baada ya uhuru, watu wa kaskazini waliendelea kutiliwa shaka. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa wapitie uchunguzi maalumu na kupewa kadi ya ziada ya kuthibitisha kwamba ni raia. Kwa miaka mingi vijana wa maeneo hayo walizungushwa mbele ya kamati za uchunguzi ili wapate kile ambacho kijana wa mkoa mwingine alikipata kwa kuomba tu. Na ni mwezi Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alipotia saini agizo la kuuondoa uchunguzi huo kwa kaunti za mpakani. Babu zao Wakenya walilia kutaka kukivua kipande. Wajukuu wa kaskazini walilia kutaka kukipata.

Je, hii ina maana kwamba watu wamejifunza kuipenda kengele? Haielekei. Kilichobadilika ni uhusiano unaotajwa na ile karatasi. Kipande cha 1920 kilimtambulisha mtu mmoja kwa mwingine asiyetambulishwa kwake: tajiri aliandika, mfanyakazi aliandikwa. Kitambulisho cha leo, pamoja na kasoro zake, hubebwa na waziri na mchungaji, na anayekibeba anaweza kuidai dola haki fulani kwa kukionyesha. Ni kifungo chenye ncha mbili. Kwa hiyo kitu kile kile, na hata jina lile lile, kinaweza kuhama kutoka upande wa kongwa hadi upande wa kidani iwapo wajibu unakwenda pande zote mbili.

Ushanga wa Morani

Mfano mgumu zaidi ni ule usiotoka kwa mkoloni. Tembe za kioo zilizotoka Venice na Bohemia zilifika bara kwa misafara ya pwani, na miongoni mwake ule ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulitafutwa sana. Wasamburu waliutwaa ushanga huo wa kigeni wakaufanya lugha yao wenyewe. Makoja mapana yanayopanda hadi kidevuni, rangi zenye maana, mporro wa mwanamke aliyeolewa: yote haya ni sanaa, na mhakiki anayeyaona kuwa utumwa mtupu amekosa kusoma. Morani nao huvaa ushanga, mwingi na mzuri, na hakuna asemaye kwamba wametekwa.

Ndani ya lugha hiyo, hata hivyo, imo sentensi moja inayouma. Kwa mujibu wa desturi iliyoenea Samburu na kuwagusa pia Wasamburu wa Isiolo na Laikipia, morani huweza kumvika ushanga msichana ambaye hajatahiriwa, aghalabu wa ukoo wake mwenyewe, kwa ridhaa ya jamaa zake. Kuanzia hapo msichana huyo hutambulika kuwa ni wake. Kwa kuwa ni wa ukoo mmoja hawaruhusiwi kuoana, na mimba yao haikubaliki. Uhusiano hukoma msichana anapoozwa kwa mume wa ukoo mwingine. Mwaka 2012 shirika la Samburu Women Trust lilichapisha ripoti iliyoeleza madhara ya desturi hiyo kwa watoto, na hapana haja ya kuyarudia yote humu. Wanaovikwa ni watoto. Sheria ya Kenya, tangu Sheria ya Watoto ya 2001 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 hadi Sheria mpya ya Watoto ya 2022, haiachi mwanya wa kuiita desturi hiyo kitu kingine zaidi ya dhuluma.

Lakini mhakiki hawezi kuridhika na kauli ya sheria, kwani desturi ina utetezi wake, na utetezi huo hauna budi kusikilizwa ili ujibiwe. Watetezi husema kwamba msichana huyo hulia kwa kukosa ushanga, si kwa kuupata. Kwamba aliyevikwa mwingi huwaringia wenzake. Kwamba mama yake huona fahari. Husema pia, na hapo hugusa kidonda, kwamba anayehukumu kutoka Nairobi au Ulaya hajui uzito wala utamu wa koja ambalo hajalivaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Inawezekana yote haya yakawa kweli. Fahari ya msichana yule inaweza kuwa fahari halisi. Hata hivyo swali linabaki pale pale: je, anaweza kuuvua?

Ulinganisho na morani unatoa jibu. Naye morani hufika siku ya kuyaacha mapambo ya ujana wake. Anapofanya hivyo huwa anapanda: anaingia katika daraja la wazee, anakuwa mtu wa kuoa na kunena barazani. Msichana, ushanga wake ukomapo kuwa na maana, hukoma kwa sababu mwanamume mwingine ameingia mahali pa yule wa kwanza. Katika kisa kimoja mvaaji ndiye mtendaji wa sentensi. Katika kisa cha pili yeye ni mtendwa, mwanzo na mwisho. Alivikwa, kisha akavuliwa. Popote katika kisa hicho kitenzi kujivua hakikuwahi kuwa chake.

Hoja ya Ridhaa

Huenda ikasaidia kukitazama kisa kilicho mbali kabisa na Samburu, ambacho watetezi wake hudai kwamba utii umefanywa kuwa jambo la hiari tupu. Katika miji ya Ulaya na Marekani, na siku hizi kwingineko pia, wapo watu wazima wanaofunga mapatano ya uhusiano ambamo mmoja anaongoza na mwingine anatii. Na baadhi yao humvika anayetii ukanda au mkufu wa shingoni kuwa ishara ya mapatano hayo, kama wengine wavikanavyo pete. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya maisha hayo. Linalofaa kwa mjadala huu ni namna wao wenyewe wanavyoyahalalisha. Husema kwamba mambo yote hujadiliwa kabla. Kwamba wote ni watu wazima. Kwamba anayetii ana neno ambalo akilitamka kila kitu husimama. Na kwamba siku atakapoukabidhi ule ukanda, uhusiano umekwisha. Kwa maneno mengine, hata wale wanaotaka ishara ya utii uliokamilika hawawezi kuitetea mpaka waonyeshe kwamba inaweza kuvuliwa. Maana ya ukanda wao yote inategemea mkono wa mvaaji. Mkono huo ukifungwa, ukanda unabadilika jina papo hapo, hata kama ngozi na kibanio ni vile vile.

Wanafalsafa wawili wa karne ya 19 waliliona jambo hili kutoka pande mbili. John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru cha mwaka 1859, alishikilia kwamba mtu hawezi kwa haki kujiuza awe mtumwa, kwa kuwa kitendo hicho cha hiari kinaiondoa hiari yenyewe. Hegel, mwaka 1807, alikuwa ameonyesha mkasa wa upande wa pili: bwana anataka kutambuliwa, lakini utambuzi wa mtu asiye huru hauna thamani kwake. Heshima anayolazimishwa mtumwa haimheshimu bwana. Utii una thamani kwa anayeupokea pale tu ambapo ungeweza kukataliwa. Na mwenye kumnyang'anya mwenzake uwezo wa kukataa amejinyang'anya yeye mwenyewe zawadi aliyoitamani.

Shaaban Robert aliligusa jambo hilo kwa njia ya ngano katika Adili na Nduguze. Adili analazimika kuwachapa kila usiku manyani wawili ambao kwa hakika ni ndugu zake, na anapowachapa huumia. Mwenye mjeledi naye amefungwa na amri isiyo yake, na ukombozi wa wote watatu hauji mpaka Mfalme Rai aingilie kati. Anayetazama kwa mbali huona bwana na wanyama wake. Anayesogea karibu huona wafungwa watatu. Funzo hili lamhusu pia morani, ambaye naye hakuiunda desturi aliyoikuta.

Lakini fasihi inayofichua zaidi udhaifu wa hoja ya ridhaa ni Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978. Mhusika mkuu wa utumishi katika riwaya hiyo anaitwa Kijakazi. Yaani jina lenyewe ndilo pete yake ya shingo, na hakuna amjuaye kwa lingine. Anatukanwa, anadhalilishwa, na anaendelea kumtumikia Mwinyi Fuad kwa moyo mkunjufu kana kwamba dunia haikuumbwa kwa namna nyingine. Hata Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yanapoufagilia mbali ubwana, moyo wake hautoki upesi katika kasri. Je, Kijakazi ameridhia? Akiulizwa, angesema ndiyo. Na ndiyo hiyo ingekuwa ya kweli kama hisia na ya uongo kama uamuzi, kwa kuwa hakuwahi kuwa na hapana mkononi. Ridhaa isiyokuwa na mbadala ni mazoea yaliyovaa nguo ya ridhaa.

Baada ya Kuvua

Hapo ndipo swali la pili, lile lililoachwa na Mwana Kupona, linaporudi: akishakivua anabaki na nini? Methali mashuhuri husema mwacha mila ni mtumwa. Mara nyingi methali hiyo hutumiwa kuwanyamazisha wasichana. Hata hivyo ina ukweli usiopaswa kubezwa. Asiye na watu wake yu mikononi mwa yeyote amkutaye. Katika historia ya nchi hizi waliotekwa kwa urahisi walikuwa ndio wale waliokosa jamaa wa kuwatetea. Msichana wa Kisamburu ambaye angeukataa ushanga angekataa pamoja nao uso wa mama, zizi la baba na nyimbo za rika lake. Kumwambia "vua" bila ya kumwonyesha mahali pa kusimama ni kumhamisha kutoka kongwa moja hadi lingine. Sheria peke yake haiwezi kuwa mahali hapo. Ibara ya 44 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kumlazimisha mwingine kufuata mila au kushiriki tambiko, nayo ni ibara adhimu. Lakini ibara haina nyumba, haina maziwa, haina shangazi.

Mfano wa mahali hapo upo, nao hauko mbali. Kaskazini mwa Isiolo, ukivuka hadi Archer's Post karibu na mto Ewaso Ng'iro, kipo kijiji cha Umoja, kilichoanzishwa mwaka 1990 na wanawake 15 wa Kisamburu wakiongozwa na Rebecca Lolosoli. Walikuwa wanawake waliodhulumiwa au kufukuzwa, na baadaye waliwapokea wasichana waliokimbia kuozwa na kukeketwa. Wanawake hao hawakuutupa ushanga. Wanauvaa, tena kwa wingi, na wanaishi kwa kuutunga na kuwauzia wageni. Mtazamaji wa haraka anaweza kudhani kwamba wamebaki utumwani kwa kuwa shingo zao zimejaa kama za wengine. Kwa hakika huko ndiko hoja ya makala haya inakothibitika: ushanga ni ule ule, uzi ni ule ule, rangi ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba aliyeutunga ndiye aliyeuvaa, na atauvua usiku akitaka kulala, na kesho yake atauuza akitaka kununua unga. Hawakuiacha mila. Waliirudishia kitenzi kilichokosekana.

Dalili kwamba jamii yenyewe inaweza kukirudisha kitenzi hicho zimeonekana pia miongoni mwa wazee. Mwezi Machi 2021, huko Kisima, wazee wa Kisamburu walitoa tamko mbele ya Rais Uhuru Kenyatta la kuacha ukeketaji na ndoa za utotoni. Tamko si tendo. Hata hivyo lina uzito ambao ripoti ya shirika haina, kwa kuwa limetoka kwa wale ambao laana na baraka zao huaminiwa. Na msichana akataaye baada ya tamko la namna hiyo hawezi kuambiwa kirahisi kwamba amewakana watu wake.

Hitimisho

Makala haya yameshikilia kwamba maana ya kitu kivaliwacho shingoni kuwa ishara ya utii haimo katika uzuri wake, wala katika nia njema ya aliyekivika, wala hata katika fahari ya aliyevikwa. Nia njema ilikuwapo kwa mama wa 1858; fahari ipo kwa msichana wa leo; moyo mkunjufu ulikuwapo kwa Kijakazi. Vigezo viwili vimependekezwa mahali pake: kwamba mvaaji mwenyewe, akiwa mtu mzima anayejua atendalo, aweze kukivua kwa mkono wake, na kwamba akikivua abakie na watu, riziki na jina. Kidani ambacho hakitimizi kigezo cha kwanza ni kongwa. Kinachotimiza cha kwanza bila ya cha pili ni kifungo katika ile maana yake ya pili, ijapokuwa mlango umeachwa wazi.

Kwa mtoto vigezo hivyo haviwezi kutimizwa, kwa sababu hiari ambayo ingemwezesha kuvua bado haijakomaa, na wale wenye wajibu wa kumtunzia hiari hiyo mpaka akue ndio waliokaa wakimtazama akivikwa. Hapo hapana utata wa kifalsafa. Utata huanza baadaye, wakati msichana huyo amekuwa mwanamke, anasimama sokoni Isiolo na kumfungia mgeni mkufu shingoni ili auone kama unamfaa. Mgeni hujitazama katika kioo kidogo, hulipa au hukataa kulipa, kisha hunyanyua mikono nyuma ya shingo na kukifungua kibanio bila ya kufikiri. Mwanamke aliyemfungia huwa anatazama. Mhakiki atakayetaka kuiendeleza mada hii angeanzia hapo, kwa kumuuliza mwanamke huyo wa kwake mwenyewe ulifunguliwa na nani.